Nilihamia Tukuyu na kazi ya Dar mkononi, ila karatasi sikua nayo

Mke wangu ni nesi. Alikaa mtaani karibu miaka mitatu baada ya kumaliza chuo, mara anajitolea hapa, mara anashika mkataba wa miezi mitatu pale, kwa hiyo ajira za serikali zilipotoka 2023 na jina lake likawemo hatukukaa kujadili kama tunaenda au hatuendi. Alipangiwa Tukuyu, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya. Tulikua tunaishi Mbagala, mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na mimi ni mhasibu kwenye kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa pale Dar, mwaka wa tano huo. Yeye akatangulia na mtoto mwezi wa nane, mi nikabaki nahesabu siku.

Mwezi wa kumi nikaingia kwa bosi. Nikamweleza hali yote, nikamwambia kazi yangu karibu yote iko kwenye kompyuta, ritani za TRA zinaenda mtandaoni, benki mtandaoni, sistimu ya mauzo naifungua popote, naomba nihamie Tukuyu niendelee kufanyia huko. Akafikiria kidogo akasema, "Wewe nenda kwa familia yako, mradi hesabu za mwezi zifungwe kwa wakati." Basi. Nilitoka mle ofisini nimejaa furaha, nikampigia mke wangu nikiwa bado kwenye ngazi. Hakukua na barua, hakukua na imeili, hakukua na chochote, ni yale maneno tu, na kwa vile yule bosi alikua mtu mwema na mimi namheshimu niliona hata kumuomba aandike ni kama kumwambia simwamini.

Baba yangu mdogo aliposikia akanipigia. "Mwanangu, mwanaume anamfuata mke kazini?" Nikamjibu kwa adabu kwamba baba, mtoto yuko kule na mama yake anaingia zamu za usiku, nani anakaa na mtoto? Akanyamaza, akasema haya, Mungu akutangulie. Namshukuru kwamba hakulivuta lile jambo zaidi.

Novemba 2023 nikapakia vitu nikaondoka, karibu kilomita 900.

Sasa niseme kuhusu Tukuyu kwa asiyeijua. Ni kijani kila unapogeuza macho, migomba, chai, maparachichi, Mlima Rungwe umekaa pale juu, asubuhi kuna ukungu mpaka mbwa wa jirani unamsikia tu humuoni. Na inanyesha. Wilaya ya Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mimi mtu wa pwani nilidhani naijua mvua kumbe sikua naijua. Nyumba tuliyopanga ni ya bati na haikua na dari. Mnaona inakoelekea.

Machi 2024, Jumatatu, saa nne asubuhi, kikao cha wiki. Niko mezani, shati nimevaa la ofisini, naanza kusoma madeni ya wateja, mara mvua ikashuka. Bati likaanza kupiga kelele mpaka mimi mwenyewe sijisikii. Nikaongeza sauti, nikasogeza lapitopu chini ya meza, nikawa naongea nimeinama kwenye sakafu. Mtu mmoja wa juu akauliza hapo kuna mashine gani inasaga, nikasema hapana mkuu ni mvua, na mwenzangu mmoja wa idara ya mauzo akasema, "Kumbe jamaa uko shamba." Wakacheka. Mimi sikucheka. Lile neno shamba lilinikaa wiki nzima, maana ndo hofu yangu niliyokua nayo toka nifike, kwamba huko Dar wananiona mtu ambaye ameshaondoka, amebakiza jina tu kwenye orodha ya mishahara.

Na hofu hiyo iliniendesha kwa namna ambayo saivi nikiangalia nyuma naumia. Meseji ikiingia najibu ndani ya dakika, hata niko bafuni, simu naipeleka bafuni. Mtoto akilia nikiwa kwenye simu naona aibu kama nimefanya kosa. Niliumwa homa siku tatu sikusema, nikafanya kazi nimejifunika blanketi. Likizo yangu ya mwaka, ile ya siku 28 ambayo ni haki yangu kabisa, sikuiomba hata siku moja, kwa sababu nilijua machoni kwao mimi niko likizo tayari, sasa mtu aliyeko likizo anaombaje likizo? Kuongezewa mshahara ndo usiseme, wenzangu waliandika barua mwezi wa kwanza mi nikakaa kimya. Nilikua nimeshika ule usemi wa wazee kwamba ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Nikajiambia wamelala, usiwaamshe, usiombe karatasi, usiombe kitu, siku zitaenda.

Mtaani nako. Bibi mwenye nyumba wetu ni mama mmoja mzuri sana wa Kinyakyusa, ananiona asubuhi mke wangu anaondoka na mimi nabaki, wiki ya tatu akaja na mkungu mdogo wa ndizi akaniambia kwa huruma, "Baba, usikate tamaa, kazi utapata tu." Nilimshukuru, nikamwambia bibi kazi ninayo, iko humu kwenye kompyuta. Akatikisa kichwa, "Ndaga mwanangu," akaondoka, na sidhani kama aliniamini. Sikukasirika. Lakini ukiwa na mashaka na kazi yako mwenyewe alafu na mtaa mzima unaona huna kazi, usiku hulali vizuri.

Kitu kimoja nilichofanya sawasawa katika kipindi kile, na nilikifanya bila kujua kitanisaidia, ni kaunta buku. Baada ya ile siku ya mvua niliongea na bibi akaniruhusu nikapiga jipsam kwenye chumba kidogo, nikanunua inveta ndogo na betri ya N70, nikaweka laini za mitandao miwili tofauti, alafu nikachukua kaunta buku nikaanza kuandika kila siku umeme au mtandao unapokatika, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kazi gani ilichelewa kama ipo. Nilikua najitetea kwa kesi ambayo haijafunguliwa. Pembeni naandika na tarehe za kodi, PAYE na SDL za mishahara tarehe 7, VAT ya mauzo tarehe 20, na siku niliyopeleka. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "13/5 mtandao hovyo toka jana, laini zote mbili. Nimepiga simu ofisini, na wao hamna. Rikonsilesheni ya benki nimefanya bila mtandao kwa stetimenti za wiki iliyopita. VAT ya Aprili iko tayari, nasubiri mtandao tu."

Hiyo ni ile Mei 2024, mnakumbuka, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Jumapili tarehe 12, nchi nzima ikawa inahangaika. Siku ile mimi niliye Tukuyu na waliokaa ofisini Dar kwenye kiyoyozi tulikua sawa kabisa. Niliandika nikageuza ukurasa, sikujua uzito wake.

Wakati huo yule bosi wangu alikua ameshaondoka. Aliaga Aprili, akapata kazi nzuri zaidi, nikamtakia heri kwa moyo mweupe, na mpaka simu ya kuagana inakatika sikufikiria kwamba ruhusa yangu imeondoka naye.

Meneja mpya aliingia Mei. Ijumaa tarehe 7 Juni, ndo kwanza nimemaliza PAYE, saa kumi na nusu jioni, ikaingia meseji kwenye grupu la ofisi kwamba kuanzia tarehe 1 Julai wafanyakazi wote wataripoti kituo cha kazi Dar es Salaam, hakuna atakayefanyia kazi nyumbani. Hakuandika jina langu, na hakua na haja ya kuandika, maana aliyekua mbali ni mmoja tu.

Nilikaa pale chumbani mpaka giza likaingia. Mtoto alikua anacheza na mfuniko wa sufuria, nakumbuka ule mlio. Nikawa napiga hesabu, nirudi Dar nikapange chumba, nawatumia hela, mtoto atakaa na nani usiku, au niache kazi tuishi kwa mshahara mmoja wa mtu anayeanza, au mke aache kazi aliyoisubiri miaka mitatu. Zote tatu zilikua mbaya.

Jumatatu nikapanda kosta kwenda Mbeya mjini kumuona jamaa niliyesoma naye, saivi ni wakili. Tukakaa Mafiat tukanywa chai, nikamwonyesha mkataba wangu kwenye simu. Akasoma dakika mbili akaniuliza, "Kaka, hapa pameandikwa kituo cha kazi ni Dar es Salaam. Kuna karatasi yoyote inayosema vingine?" Hamna. Akaniambia kitu ambacho nilitakiwa kukijua mimi mhasibu ninayeshika mafaili kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye maelezo ya ajira, na yakibadilika mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, arekebishe yale maandishi na amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo kumbe kuomba karatasi hakukua kumkosea heshima bosi, sheria yenyewe inataka iwepo.

Alafu akaniambia lililonitisha zaidi. Kama kampuni ingeniachisha kwa sababu zao, kuna notisi isiyopungua siku 28 kwa mtu wa mshahara wa mwezi, na kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Lakini mimi nikikaa tu Tukuyu tarehe 1 Julai ipite bila makubaliano, wanaweza kuhesabu siku zangu. Ukikosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kueleweka, kwa miongozo ya 2007 hilo ni kosa la kinidhamu linaloweza kukuondoa kazini, na ukiondolewa kihalali kwa kosa la nidhamu kiinua mgongo hakipo. Yani ningeweza kua nimekaa mezani nafanya kazi yao toka asubuhi mpaka jioni na kwenye karatasi naonekana mtoro. Nikamuuliza na wakinifukuza kwa uonevu? Akasema unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wana ofisi hapa Mbeya, ila una siku 30 tu kufungua shauri, watu wengi wanalia nyumbani miezi miwili wakija kushtuka muda umepita. "Lakini we bado hujafika huko," akasema, "andika barua kwanza, na uandike kabla ya tarehe moja."

Nikarudi nikaandika usiku uleule. Barua ilikua ndefu na imejaa kuomba radhi. Na katikati yake, hili nalisema kwa sababu nina uhakika siko peke yangu, niliandika kwamba niko tayari kupunguziwa mshahara kwa asilimia 15 ili niruhusiwe kubaki. Hakuna aliyeniomba. Nilijikata mwenyewe kabla kisu hakijatolewa.

Mke wangu akarudi asubuhi toka zamu, sweta limelowa ukungu, hata hajavua viatu akachukua ile karatasi mezani akasoma amesimama. Alipofika pale akanitazama. "Huku unafunga hesabu nusu?" Nikasema hapana. "Unafunga zote?" Zote. Akachukua kalamu yangu akapiga mstari ule mstari mzima, akapiga tena wa pili juu yake, akaweka kalamu akaenda kumbeba mtoto. Sikubishana naye. Nikaandika upya ukurasa mmoja, kazi ninazofanya, tarehe zote za kodi toka Novemba mpaka Juni ambazo hakuna hata moja iliyochelewa, muhtasari wa kaunta buku, na ombi kwamba kituo changu cha kazi kibadilishwe kwa maandishi kwa mwaka mmoja, mshahara uleule. Nikaomba na tuonane ana kwa ana, kwa sababu niliona mtu ambaye hajawahi kuniona uso atanifuta kirahisi sana.

VAT niliipeleka tarehe 18, tarehe 20 jioni nikapanda basi la usiku. Tangu waruhusu mabasi kutembea usiku 2023 angalau hupotezi siku nzima barabarani. Makambako baridi inaingia mpaka dirisha lililofungwa, Kitonga nilikua macho nasikia dereva anashusha gia, Mbezi kwenye stendi ya Magufuli tukafika kumeshakucha. Nikaoga gesti, nikavaa shati lililopigwa pasi Tukuyu, kaunta buku kwenye begi.

Nilikua nimejiandaa kujibu maswali ya umeme na mtandao. Nikafungua ule ukurasa wa tarehe 13 Mei nikamwonyesha meneja, akasoma, akasema siku ile hata sisi tulikua tumekaa tu hapa. Akafunga daftari. Alafu akaniuliza swali ambalo sikulijiandaa nalo kabisa, "Wewe nikikupa, hawa wenzako nawaambia nini?" Na hapo ndo nikaelewa kwamba miezi yote ile niliyokua natetemeka nikidhani wanahisi sifanyi kazi, shida ya huyu mtu haikua kazi yangu hata kidogo. Amekuta mfanyakazi mmoja ana kitu ambacho wengine hawana na hakuna popote pameandikwa kwa nini. Kwake yeye mimi nilikua upendeleo wa mtu aliyeondoka. Nikamjibu taratibu, mkuu, waambie kilichoandikwa. Kikiandikwa kwamba kazi fulani inaweza kufanyika nje ya ofisi kwa masharti haya na haya, anayetimiza ataomba, asiyetimiza hataomba, lakini bila maandishi kila mtu atasema anavyojua, na wa kwanza kusemwa utakua wewe.

Akanyamaza kama dakika hivi. Akamwita dada wa HR.

Haikuisha siku ile, msidhani. Kulikua na kwenda na kurudi siku saba, tukavutana juu ya risiti halisi na hati za kupokelea mzigo ambazo wakaguzi wanazitaka mkononi, tukakubaliana kijana wa stoo azipige skani kila Ijumaa na nakala halisi zibaki kwenye mafaili Dar. Nikakubali kwenda mwenyewe mara nne kwa mwaka, kuhesabu stoku Desemba na wiki ya ukaguzi kwa nauli ya kampuni, mbili nyingine kwa mfuko wangu. Wao walitaka waweze kunirudisha Dar muda wowote. Hapo nilikataa, na mikono ilikua inatetemeka wakati naandika ile imeili ya kukataa, nikaomba notisi ya siku 60 kwa maandishi upande wowote, kwa sababu mtu mwenye mtoto na mwenye kodi ya nyumba ya miezi sita aliyoshalipa haondoki kwa meseji ya Ijumaa jioni. Wakakubali. Ijumaa tarehe 28 Juni nyongeza ya mkataba ikasainiwa, kurasa mbili, muhuri, kituo cha kazi Tukuyu.

Sikuruka wala sikupiga kelele. Siku iliyofuata nililala masaa kumi na moja.

Kazi haijakua rahisi zaidi tangu hapo, umeme bado unakatika, mvua ndo ileile. Ila kuna vitu vimebadilika ambavyo sikuvitegemea. Simu siendi nayo bafuni. Januari 2025 niliandika barua ya kuongezewa mshahara kama wenzangu, wakanipa kidogo, lakini walinipa. Februari nikachukua likizo siku kumi, tukampeleka mtoto hifadhi ya Kitulo maua yakiwa yamejaa bonde zima, alikua anakimbia anataka kuyachuma yote na mimi nakimbia nyuma yake, lapitopu nimeiacha kwa bibi.

Saivi ninavyoandika ni mwisho wa Aprili 2025. Ile nyongeza inaisha tarehe 30 Juni, na meneja naye nasikia huenda akahamishiwa tawi lingine, yani tunarudi palepale, mtu mwingine, kiti kingine. Hofu ipo, nisiwadanganye, jana niliamka saa tisa usiku nikakaa sebuleni. Tofauti ni kwamba safari hii nimeandika mapema, kabla siku 60 hazijaanza kuhesabika, na sijaomba radhi hata mara moja. Kaunta buku la pili limebakiza kurasa chache.

Barua nimeshaichapisha iko mezani. Naiona ina sentensi moja ambayo sina uhakika nayo, ile ya kusema safari zote nne nitajilipia mwenyewe. Mke wangu yuko zamu ya usiku, atarudi saa mbili asubuhi. Kalamu nimeiacha juu ya karatasi.